Walter von Saint Paul-Illaire (1860–1940)

Ukimkumbuka Mjerumani huyu kama mtawala wa kikoloni tu, utakuwa umemsoma nusu. Alizaliwa Berlin, na mwaka 1890 alitoa kitabu cha kuwafundisha Wajerumani Kiswahili. Mwaka 1892, akiwa mkuu wa wilaya ya Tanga, alituma kwa baba yake Ujerumani mbegu za ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, Tanga na Usambara. Mtaalamu wa mimea Hermann Wendland aliliita Saintpaulia ionantha. Mwaka 1893 likapelekwa kwenye maonesho ya kimataifa ya mimea mjini Ghent, Ubelgiji, likavutia wengi. Leo limo kwenye vyungu vya madirishani duniani kote.

Hapa wengi hupoteza alama: usiandike kwamba aligundua ua hilo. Wasambaa waliishi nalo milimani kabla yake. Yeye alilifikisha Ulaya. Tena mwaka 2015 wanasayansi waliliingiza katika jenasi Streptocarpus, hivyo jina lake halimo tena katika jina la jenasi. Jamaa za ua hilo bado huota porini hadi Shume, Lushoto, ila hupungua msitu unapofyekwa.