Fundi wa Vioo Aliyetufunza Kuyasoma Mawe ya Angani

Ukimwuliza mwanafunzi ni nani aliyetuwezesha kuyajua madini ya asteroidi, yale mawe makubwa yapitayo angani karibu na dunia yetu, aghalabu atakutajia vyombo vya Wamarekani au Wajapani. Mimi humtaja Joseph Fraunhofer, fundi wa vioo aliyefariki mwaka 1826.

Alizaliwa mwaka 1787 mjini Straubing, Bavaria, nchi ambayo leo ni sehemu ya Ujerumani. Alipokuwa na umri wa miaka 11 alikuwa yatima, akapelekwa Munich awe mwanagenzi wa fundi wa vioo, bila mshahara. Bwana wake hakutaka asome. Mnamo Julai 1801 nyumba ya fundi huyo iliporomoka, kijana akafukuliwa kifusini akiwa hai, mtawala wa Bavaria mwenyewe akishuhudia. Mtawala alimtunuku fedha, naye akajinunulia mashine ya kusugulia vioo na kujikomboa katika uanagenzi. Hujiuliza mara nyingi: ni wangapi wenye akili kama yake ambao hawakubahatika kuangukiwa na nyumba?

Mwaka 1814, katika karakana ya Benediktbeuern, Fraunhofer alikuwa akitafuta njia ya kuvipima vioo vya darubini kwa usahihi. Aliupitisha mwanga wa jua katika mche wa kioo, akautazama ule upinde wa rangi kwa darubini. Ndani yake aliiona mistari myeusi, akaihesabu: 574. Mwanga wa Zuhura ulikuwa na mistari ileile, kwa maana sayari hiyo huazima mwanga wa jua; nyota Sirius ilikuwa na mistari yake yenyewe. Maana ya mistari hiyo ilifumbuliwa mwaka 1859 na Kirchhoff na Bunsen, waliobainisha kwamba kila elementi ina alama zake katika mwanga.

Asteroidi nayo huazima mwanga wa jua. Lakini kabla ya kuurudisha, madini yake hunyonya sehemu fulani ya mwanga huo. Mwanastronomia huulinganisha mwanga wa jiwe na ule wa jua. Tofauti inayobaki, mapengo mapana badala ya mistari myembamba, humwambia kama kuna olivini, piroksini au udongo wenye maji. Hivyo ndivyo asteroidi Itokawa ilivyofananishwa na aina moja ya vimondo vinavyoanguka duniani. Chombo Hayabusa kilipoleta chembe za vumbi lake mwaka 2010, maabara zilithibitisha hivyo.

Baadhi ya wasomi wa Akademia ya Bavaria walipinga Fraunhofer asiwe mwanachama kamili, kwa kuwa hakuwahi kusoma chuo kikuu. Chuo Kikuu cha Erlangen hakikujali hilo. Kilimpa shahada ya heshima mwaka 1822, miaka minne kabla ya kufariki kwake akiwa na umri wa miaka 39.