Barney Simon: Alifungua ukumbi Soweto ikiwaka

Juni 1976, siku chache baada ya polisi kuwafyatulia risasi wanafunzi wa Soweto, ukumbi wa Market Theatre ulifunguliwa Johannesburg, katika jengo la zamani la soko la matunda la Wahindi. Waanzilishi wake walikuwa Mannie Manim na Barney Simon, mwongozaji aliyezaliwa jijini humo mwaka 1932 kwa wazazi Wayahudi waliohamia kutoka Lithuania.

Sheria za makaburu zilitenganisha watu kwa rangi hata kwenye burudani. Market ilikaribisha wote, jukwaani na vitini.

Simon aliwatuma waigizaji mitaani wakawatazame watu, kisha warudi watunge pamoja. Mwaka 1981, yeye, Percy Mtwa na Mbongeni Ngema walitoa Woza Albert!, igizo la Yesu kurejea Afrika Kusini ya ubaguzi. Vijijini, aliwafunza wauguzi kutoa elimu ya afya kwa maigizo.

Alifariki Juni 1995, mwaka mmoja baada ya uchaguzi wa kwanza wa watu wa rangi zote. Kuketi safu moja, jambo la hatari mwaka 1976, sasa ilikuwa haki ya kila raia.