Sorcar na wavu wa Indra

Nilipokuwa mtoto, mfanya mazingaombwe alikuja siku moja mtaani kwetu. Nyanya yangu akatuita ndani na kufunga mlango. Kwake yeye, mazingaombwe na uchawi vilikuwa kitu kimoja. Miaka mingi baadaye, nikiwa mwanafunzi wa lugha, nimesoma maisha ya Mhindi mmoja nikaukumbuka mlango ule.

Protul Chandra Sorcar alizaliwa tarehe 23 Februari 1913 huko Tangail, katika Bengal, upande ambao leo ni Bangladesh. Alisoma hesabu chuoni, lakini moyo wake ulikuwa jukwaani. Alifunzwa na Ganapati Chakraborty, bingwa wa mazingaombwe wa Bengal. Jina la ukoo wake lilikuwa Sarkar. Akageuza herufi, likawa Sorcar, ili likaribie neno la Kiingereza lenye maana ya mchawi. Lakini onyesho lake kubwa aliliita Indrajal, neno la Kisanskriti, yaani wavu wa mungu Indra, ambalo tangu kale ndilo jina la kiini macho huko India. Kwa Waingereza alijipamba kwa neno lao. Kwa watu wake alisema wazi kwamba macho yao yatanaswa. Vivyo hivyo aliacha suti ya Kizungu akapanda jukwaani na kilemba na mavazi ya kifalme ya kwao.

Sifa yake ilienea usiku wa tarehe 9 Aprili 1956, katika kipindi cha Panorama cha televisheni ya BBC mjini London. Alimkata msichana kwa msumeno wa umeme, kisha akajaribu kumwamsha. Msichana hakuitika. Sorcar akamfunika uso, na hapo mtangazaji Richard Dimbleby akafunga kipindi. Watazamaji wengi walipiga simu wakiamini kwamba wameona mtu akiuawa. Ilielezwa kwamba muda ulikuwa umekwisha. Msichana alikuwa mzima, na tiketi za maonyesho ya Sorcar mjini London ziligombaniwa.

Mwaka 1964 serikali ya India ilimpa nishani ya Padma Shri. Aliandika pia vitabu vingi juu ya kazi yake. Hilo ndilo linalonigusa zaidi, kwa sababu kazi inayoandikiwa vitabu ni kazi inayofundishika. Alifariki tarehe 6 Januari 1971 akiwa katika ziara ya maonyesho nchini Japani. Mwanawe, P. C. Sorcar Junior, akaishika kazi ya baba, na jina la Indrajal halikuzimika.

Kwa nini niyaandike haya katika jarida letu? Kwa sababu sisi tunashughulika na maneno, na neno linaweza kuua. Katika mitaa yetu kuna wazee, hata watoto, wanaofukuzwa nyumbani kwa neno moja tu: mchawi. Sorcar alilivaa neno hilo kama vazi la jukwaani, akalivua taa zilipozimwa. Wao hawana ruhusa ya kulivua. Nyanya yangu hakuwa mjinga. Hakuna aliyewahi kumtenganishia maneno yale mawili. Kazi hiyo ni yetu.