Robert Mayer: Tabibu wa Merikebuni na Hesabu ya Joto

Katika maporomoko ya Sheldrick, ndani ya msitu wa Shimba Hills huko Kwale, maji huanguka zaidi ya mita 20. Yatuapo chini, mwendo wake huonekana kupotea, kumbe umegeuka joto dogo mno, takriban sehemu moja ya ishirini ya digrii. Miongoni mwa waasisi wa hesabu hiyo ni tabibu Mjerumani, Julius Robert Mayer.

Mayer alizaliwa Heilbronn mwaka wa 1814, mwana wa muuza dawa, akasomea utabibu Tübingen. Mnamo 1840 alisafiri hadi Java akiwa tabibu wa merikebu ya Kiholanzi. Huko Surabaya, alipowatoa mabaharia damu, aliiona damu ya vena ikiwa nyekundu mno hata akadhani amekata ateri. Aliwaza kuwa katika joto kali, mfano wa lile la Msambweni mwezi wa Februari, mwili hauhitaji kuunguza chakula kingi ili upate joto, hivyo hutumia oksijeni kidogo. Hapo akapiga hatua kubwa zaidi: chakula hichohicho ndicho chimbuko la joto la mvuvi na la kazi yake avutapo juya. Joto na kazi, basi, huhesabiwa katika daftari moja. Leo wanakemia husema kwamba nishati ya ndani ya mfumo hubadilika kwa kadiri ya joto liingialo, ukiondoa kazi ambayo mfumo huo umeifanya.

Makala yake ya kwanza, ya 1841, haikujibiwa na mhariri Poggendorff. Kusema kweli, ilikuwa na makosa ya fizikia. Ya pili ilichapishwa 1842 katika jarida la kemia la Liebig. Humo alikadiria kuwa uzito uangukao mita 365 waweza kupasha maji ya uzito uo huo digrii moja. Kipimo cha sasa ni mita 427 hivi, karibu kimo cha vilele vya Shimba.

Sifa, hata hivyo, zilimwendea Mwingereza James Joule, aliyepima kwa makini zaidi. Mwaka wa 1848 Mayer alifiwa na watoto wawili. Mwaka wa 1850 alijirusha dirishani, akanusurika, kisha akazuiliwa katika hospitali za wagonjwa wa akili. Mnamo 1858 Liebig yuleyule alitangaza kimakosa kuwa Mayer amekwisha kufa. Marehemu huyo alipokea Nishani ya Copley kutoka London mwaka wa 1871, akafariki Heilbronn tarehe 20 Machi 1878.