Maisha ya Daktari Archie Cochrane

Mwaka jana baba yangu, ambaye ni fundi mwashi, alishikwa na mgongo alipokuwa akiinua mfuko wa saruji. Mtu mmoja aliyeaminiwa kwa utabibu akamwambia alale chali juu ya ubao kwa majuma manne, asiinuke ila kwa haja. Baba alitii. Nyumba aliyokuwa akiijenga akapewa fundi mwingine, nami nikachelewa shuleni siku tisa kwa kukosa nauli. Hata alipoinuka, mgongo ulikuwa umekakamaa kama ule ubao, na mapaja yamelegea. Ndipo tulipompeleka hospitali kwa mtaalamu wa tiba ya viungo, naye akamwambia atembee.

Nilimwuliza mtaalamu huyo amejuaje kuwa shauri lake ndilo la haki, maana wote wawili walisema kwa uhakika ule ule. Hakukasirika. Alinionyesha kwa simu yake jinsi uchunguzi uliochapishwa unavyotafutwa, kisha akaniandikia jina la daktari mmoja wa Scotland, akaniambia nikayasome maisha yake. Nimeyasoma, na sasa nawaletea wasomaji wa gazeti letu.

Archie Cochrane alizaliwa tarehe 12 Januari, 1909, katika mji wa Galashiels. Watu wa kwao walikuwa na kiwanda cha nguo za sufu, lakini baba yake aliuawa vitani huko Gaza mwaka 1917, mtoto akiwa na miaka minane tu. Alikuwa hodari wa masomo, akafika hadi Chuo Kikuu cha Cambridge. Katika ujana wake alisumbuliwa na maradhi ambayo madaktari hawakuyajua, akaenda Berlin, kisha Vienna, kwa bingwa wa matibabu ya nafsi. Hakupona. Lakini alirudi na vitu viwili: lugha ya Kijerumani, na tabia ya kutosadiki neno la mganga lisilo na ushahidi.

Mwaka 1936 aliacha masomo ya udaktari kwa muda akaenda Hispania kuwahudumia majeruhi wa vita vya nchi ile. Alipata shahada yake mwaka 1938. Katika siku hizo za uanafunzi aliandamana London akibeba bango lililodai kwamba matibabu yote yafaayo yatolewe bure. Wengi waliliona lile neno bure. Mimi naona uzito ulikuwa katika neno lile lingine, yafaayo.

Ilipofika Vita ya Pili ya Dunia akawa daktari wa jeshi la Uingereza, na mwezi wa Juni, 1941, Wajerumani wakamteka katika kisiwa cha Krete. Kwa kuwa alijua lugha yao, walimfanya mganga mkuu wa kambi ya wafungwa huko Salonika, nchi ya Ugiriki. Wafungwa walikuwa maelfu, chakula hakikutosha mtoto mdogo, na dawa zilikuwa kama hakuna. Homa ya matumbo, dondakoo na ugonjwa wa manjano viliingia. Kisha miguu ya watu ikaanza kuvimba, na kwa wengine uvimbe ukapita magoti. Yeye mwenyewe alivimba.

Basi alikumbuka habari ya James Lind, daktari wa manowari ambaye mwaka 1747 aliwagawa mabaharia wagonjwa mafungu mafungu ili ajue kipi kinachowaponya. Cochrane aliwachukua wafungwa ishirini akawagawa vyumba viwili, mmoja huku, mmoja kule. Kumi aliwapa hamira aliyoinunua kwa magendo, na kumi aliwapa vitamini C. Siku ya nne, wanane wa chumba cha hamira waliona nafuu, na katika chumba cha pili hakuna hata mmoja. Aliwapelekea Wajerumani hesabu zake, nao, kinyume cha matazamio yake, wakaleta hamira nyingi.

Baadaye yeye mwenyewe alikiri kuwa jaribio lile lilikuwa na kasoro nyingi, na kwamba alikuwa amekisia vibaya chanzo cha uvimbe. Ni watu wachache wanaotoboa makosa yao hivyo, hasa makosa yaliyowaletea sifa.

Lakini jambo lililonigusa zaidi katika kambi ile ni jingine. Alitazamia mamia wafe. Waliokufa katika muda wake pale walikuwa wanne, na watatu kati yao waliuawa kwa risasi za walinzi. Daktari mwingine angejisifu. Cochrane alisema kuwa haukuwa ustadi wake, bali ni miili ya watu iliyojiponya. Hapo nilimkumbuka baba. Mgongo ulioshtuka leo, mara nyingi hupata nafuu wenyewe katika majuma machache. Basi ukilala utapona, ukichuliwa utapona, ukifungwa hirizi utapona, na kila mganga atadai shukrani. Ili kujua ni nani aliyesaidia, lazima kuwe na chumba cha pili.

(Tahadhari kwa wazazi: mgongo ulioumia kwa kuanguka, au wenye homa, au ulioleta ganzi sehemu za siri, miguu kulegea au mkojo usiozuilika, si wa kungojea. Uende hospitali upesi.)

Kutoka Salonika alihamishwa kambi za Ujerumani, akawatunza wenye kifua kikuu. Usiku mmoja aliletewa kijana Mrusi aliyekuwa anakufa huku akipiga mayowe. Cochrane hakuwa na dawa ya kutuliza maumivu yale, na Kirusi alikijua kidogo sana. Mwisho alikaa kitandani akamkumbatia, na mayowe yakakoma. Kijana alifariki kwa utulivu baada ya saa chache. Daktari alitambua kwamba hakikuwa kifua kilichomliza, bali upweke, akaona haya kwa kuukosea ugonjwa.

Baada ya vita alijifunza elimu ya hesabu za magonjwa mjini London, kisha akafanya kazi Wales kati ya wachimba makaa ya mawe, akiwapiga picha za eksirei bonde zima. Mwaka 1972 alitoa kitabu kidogo kilichowaudhi madaktari wengi, kwa kuwa kiliuliza ni tiba ngapi za hospitali zimepimwa kweli. Mwaka 1979 akawalaumu tena kwamba hawajakusanya majaribio yote ya kila tawi la utabibu na kuyapima. Alifariki tarehe 18 Juni, 1988. Kituo chenye jina lake kilifunguliwa Oxford mwaka 1992, na mwaka uliofuata ukaanzishwa umoja wa watu wa nchi nyingi wanaoifanya kazi hiyo. Wataalamu wa viungo nao wana ghala yao, iitwayo PEDro, iliyoanzishwa Sydney, Australia, mwaka 1999. Yeyote aweza kutafuta humo bila malipo.

Nilitafuta. Shauri ni kuandika kwa Kiingereza maradhi yenyewe na tiba unayoiulizia, na kuanza na mikusanyo kabla ya jaribio moja moja. Niliona jaribio la Helsinki la mwaka 1995, la wafanyakazi 186 wenye maumivu mapya ya mgongo. Wengine walilazwa siku mbili, wengine walipewa mazoezi ya mgongo, wengine waliendelea na shughuli zao kwa kadiri walivyoweza. Hao wa mwisho ndio waliopona vizuri zaidi, na waliolala ndio waliochelewa. Siku mbili tu! Baba alilala ishirini na nane. Kwa maumivu yaliyozidi miezi mitatu, mkusanyo wa mwaka 2021 uliunganisha majaribio 249, ukaona kuwa mazoezi huenda yakapunguza maumivu kuliko kutofanya lolote.

Baba amerudi kazini, naye anamsifu sana yule mtaalamu. Nilipompelekea salamu hizo alizipokea kwa furaha, lakini akasema kwamba kwa mtu mmoja hawezi kujua kama ni kutembea kulikomponya au ni siku.

Mwanafunzi, Kidato cha Tano