Umar Mukhtar alikuwa Mwalimu

Vijana ninaowafundisha wanamjua Sheikh Umar Mukhtar kwa sura ya Anthony Quinn, mwigizaji wa filamu ya "Lion of the Desert" ya mwaka 1981. Filamu inaanzia 1929, mzee yuko vitani tayari. Wanashangilia farasi na bunduki, na wengine hawajahitimu hata Juzuu Amma!

Marhum alisoma Jaghbub, akasomesha Qur'an katika zawiya za Sanusiyya huko Barqa, Libya. Waitaliano walipovamia mwaka 1911 alikuwa na umri wa takriban miaka hamsini. Akapigana miaka ishirini. Walimkamata Septemba 1931, na tarehe 16 wakamnyonga Suluq, mbele ya watu wake waliokusanywa kutoka kambini. Filamu yenyewe Italia waliipiga marufuku mwaka 1982.