Malkia wa Reale Yangu

Katika sarafu za fedha za nchi za Wajerumani wa kale ninazokusanya, niipendayo zaidi nalipewa na bibi yangu. Wazee wa pwani waliiita reale ya Sham. Ina sura ya mama mnene aliyejitanda ushungi, na mwaka 1780. Mama huyo ni Maria Theresa, nami nataka kuwasimulia habari zake.

Alizaliwa Vienna tarehe 13 Mei, 1717. Baba yake, Kaisari Karl wa Sita, hakuwa na mwana wa kiume aliye hai, akawabembeleza wafalme wa Ulaya wakubali binti arithi. Wengi wakatia sahihi. Lakini Kaisari alipokufa Oktoba 1740, hata miezi miwili haijatimia, Friedrich wa Pili wa Prussia aliingia Silesia na jeshi. Binti alikuwa na miaka 23, mja mzito, na hazina tupu. Akakataa kusalimu amri. Mwaka 1741 alivikwa taji la Hungaria, akawaomba Wahungari askari, wakampa. Vita vilikwisha mwaka 1748. Silesia aliikosa, kiti alibaki nacho.

Alizaa watoto 16, wengi wao huku akitawala (mama yangu ana sita, na husema amechoka). Mwaka 1774 aliamuru watoto wote wasome, hata wasichana. Hata hivyo, mwaka 1744 aliamuru Wayahudi wa Prague wafukuzwe, wala sioni udhuru wa jambo hilo.

Mumewe, Franz, alifariki mwaka 1765. Tangu hapo Malkia alivaa nguo nyeusi, na ushungi ule wa kwenye sarafu ni wa ujane. Naye akafa tarehe 29 Novemba, 1780.

Reale yake ina uzito wa gramu 28, na katika sehemu 1000, sehemu 833 ni fedha safi. Wafanyabiashara wa Bahari ya Sham waliiamini mno, hata ikaendelea kupigwa baada ya kufa kwake, kwa mwaka ule ule wa 1780: Vienna, kisha hata London na Bombay.

Hayo nalielezwa na mwalimu wa Historia, baada ya kujisifu bweni zima kwamba yangu ina zaidi ya miaka mia mbili. Nalifadhaika. Mwenzangu alikuwa akiitaka kwa thaler mbili za Saxony, nikakaribia kukubali. Likizoni nikamweleza bibi. Akacheka, akasema reale ile ilikuwa katika mahari ya mama yake, na sonara aliyetaka kuiyeyusha iwe bangili alimfukuza mlangoni.

Thaler za Saxony bado sina.